Maana ya Petroli

Ukimuuliza Mama Claire anafanya kazi gani, atakujibu: "Kuchoka." Wala usicheke, hatanii. Ana miaka arobaini na tisa, mjane, mtu wa Pweto, Kongo, aliyevuka mpaka na kufika Mantapala, Zambia, mwaka 2018, wakati makazi ya wakimbizi yenyewe yalikuwa bado mahema na visiki. Wenzake walipewa shamba wakalima. Yeye alipewa shamba akalima, na juu ya shamba akabebeshwa kuongea. Maana Claire anajua Kiswahili cha kwao Katanga, Kifaransa cha shule, Kibemba cha sokoni na Kiingereza alichookota kwa watu wa misaada, na mtu wa namna hiyo ukanda huu wa ziwa Mweru hana raha. Mgonjwa akipelekwa hospitali, aitwe Claire. Mbuzi wa mkimbizi akila mihogo ya Mzambia, aitwe Claire. Ofisi ikitaka kuwaambia wafanyabiashara wa Kashikishi, mji wa ufukoni, jambo lolote, aitwe Claire, aje na baiskeli yake, masaa matatu kwenda na matatu kurudi, asimame juani agawe maneno ya wengine.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu habari hii ni ya neno moja tu, na neno hilo lilichoma nyumba.

Kuna visiwa na vijiji ambako huwezi kufika ila kwa mtumbwi, na siku hizi mitumbwi mingi ina injini. Injini hainywi maji ya ziwa. Ndiyo maana pale mbele ya kisiwa cha Kilwa, Kilwa ya ziwa Mweru, bwana mmoja aitwaye Royd alijenga kituo cha mafuta kinachoelea: mbao zimefungwa juu ya mapipa matupu, nanga mbili, kibanda cha bati, na madumu ya mafuta ya kila aina. Wavuvi wanasogea, wanajaziwa, wanaondoka. Ofisi moja ya usalama pale Nchelenge ilipokiona kituo hicho ilishtuka, kama ilivyo haki yake kushtuka, ikaenda kabatini kutafuta kanuni. Kanuni zilizopatikana zilikuwa zimenakiliwa kutoka nchi zenye bahari, kule wanakochimba mafuta na gesi chini ya maji. Zilisema "bahari." Zilisema "mtambo wa kuchimba." Zilitaka kituo kiwe na mahali pa kutua helikopta. Wavuvi walipotafsiriwa hiyo ya helikopta walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tope.

Lakini kifungu kimoja kilitekelezeka: kila chombo cha mafuta kiandikwe kilichomo, kwa lugha za wateja. Afisa wa ofisi, Ba Goodson, yaani Bwana Goodson, mtu mpole ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi, akamwita Claire. Akampa brashi, rangi nyeupe, na karatasi yenye maana za maneno kama sheria inavyozitaka. Madumu ya Royd yalikuwa yamepangwa ufukoni Kashikishi, arobaini, mekundu, yote ya mafuta ya injini.

Mkono wa Claire ulisita palepale. Karatasi ilisema petroli. Kwa Mzambia yeyote, petroli ni ile ya injini. Lakini ng'ambo, Kongo, petroli ni mafuta ya taa, yale ambayo Wazambia wanayaita palafini. Ya injini, Mkongo anaiita esanse. Claire alijua. Mtoto wa Pweto asiyeota meno anajua.

"Ba Goodson," alisema kwa Kibemba, "neno hili kwetu lina maana nyingine."

Ba Goodson hakuinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake, akamwita mama kwa heshima ya Kibemba. "Andika kama sheria ilivyo, bamayo. Tukibadilisha neno, si sheria tena."

Angeweza kubishana. Claire akiamua kubishana, hata mapadri wanampisha. Lakini ilikuwa saa saba mchana, jua la Oktoba, mchanga unachoma kupitia ndala. Siku hiyo baiskeli ilikuwa imevunjika, na lori la misaada la kurudi Mantapala lilikuwa linaondoka saa nane, na ukilikosa ni miguu. Akapumua. Akachovya brashi. PETROLI. PETROLI. PETROLI. Mara arobaini, kwa zile herufi nzuri alizofundishwa na masista, kisha akakimbilia lori, akalipata, akalala njia nzima.

Miezi mitano baadaye neno hilo lilimkuta Keren.

Keren alikuwa jirani wa Claire pale Mantapala kabla ya kuolewa na Chadrack, mvuvi wa Kilwa ambaye baba yake ni Mkongo lakini mama yake ni mtu wa kisiwani, na Kibemba ndiyo lugha ya kinywa chake. Binti mnyoofu, Keren, anayetembea shingo juu. Kule kisiwani alikuwa anafundisha wanawake kusoma, Jumatano na Ijumaa, kanisani. Jioni moja taa ikaisha mafuta. Akachukua chupa, akapanda mtumbwi wa shemeji hadi kituo cha Royd, akasoma dumu, akasema nipimieni hii. Wakampimia. Harufu, unauliza? Kwenye kituo kile kila kitu kinanuka, hata muuzaji. Akarudi, akajaza taa, akawasha utambi. Ikamlipukia mikononi.

Hakufa mtu, tumshukuru Mungu. Lakini nyumba ilikwisha, na nyavu tatu za Chadrack ndani yake, na mikono ya Keren hadi kwenye viwiko, na shingo upande wa kushoto. Na kana kwamba moto haukutosha, watu wakaongeza wa kwao. Ukiomba petroli utapewa petroli, walisema, ulitaka upewe nini, uji? Mama mkwe ndiye aliyekata mzizi: alisema kijiji kizima kilimpa mwanamke asiyejua kusoma awafundishe wengine kusoma. Chadrack, ambaye kwake petroli ni ya injini tangu azaliwe, aliona mama yake kasema kweli. Akamrudisha Keren Mantapala mara tu alipotoka hospitali. Na kwenye faili la ofisi ikaandikwa sababu moja tu: uzembe wa mtumiaji.

Claire alipompokea alikuwa ameshaelewa yote kabla hajaambiwa. Alitaka kusema siku hiyohiyo, nawaapia alitaka. Lakini Keren alikuwa amefungwa bandeji mpaka kidevuni, mtu gani anaanza habari kama hiyo kwa mtu aliyefungwa bandeji? Akasema kesho. Na kesho ina tabia yake, mnaijua. Badala ya kusema akaanza kwenda kila asubuhi na maji ya uvuguvugu, anamwosha vidonda, na vilipofunga, anamkanda makovu yasikakamae. Anampikia bukari, ugali wa kwao. Anamfulia. Wanawake wa Mantapala walimsifu kanisani, na kila wakimsifu alikuwa anatoka nje kabla ibada haijaisha.

Na kila asubuhi, wakati anakandwa, Keren alikuwa na wimbo mmoja.

"Nilisomaka, Mama Claire. Nilisomaka muzuri. Petroli. Kwetu petroli ni ya taa. Ya moteur ni esanse. Miye najua kusoma!"

"Najua, mama. Nyoosha mukono."

"Ule mutu mwenye aliandika ile, sijui ni nani. Banasema ni mutu wa ofisi mwenye hajui Kiswahili. Nikimupata, sitamupiga. Nitamupeleka tu ku Kilwa, mbele ya mama ya Chadrack, aseme na kinywa yake kama nilisoma muzuri. Basi. Njo kintu ninataka, hiyo tu."

Claire alikuwa anakanda. Hivyo hivyo, miezi minane.

Mwezi wa Novemba ofisi ikatangaza mkutano. Kanuni za usalama wa mafuta juu ya maji zinasahihishwa, kuanzia sehemu ya mwanzo, sehemu ya maana za maneno. Kila mwenye maoni aje, Alhamisi asubuhi, ukumbi wa kanisa, Kashikishi. Claire akatumiwa kurasa saba azitafsiri. Alizisoma amekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba. "Bahari" sasa ilikuwa "bahari, ziwa au mto." Helikopta ilikuwa imefutwa, ahsante Yesu. "Mtambo" sasa ulikuwa "jukwaa lolote linaloelea na kuuza mafuta." Mtu alikuwa ameketi akafikiri. Claire akapindua hadi ukurasa wa tano. Petroli: maana yake ni petroli kama inavyojulikana kwa kawaida.

"Kwa kawaida ya nani?" alisema peke yake, kwa sauti, na kuku wakamkimbia.

Alimpitia Ba Goodson ofisini siku ya Jumatano. Alikuwa na mpango wake, mpango wa mtu aliyechoka: libadilishwe polepole, ndani ya karatasi, pasipo mtu kuuliza. Akamweleza jinsi neno lilivyo na watu wawili ndani. Safari hii Ba Goodson alimsikiliza, akavua na miwani. Lakini akatikisa kichwa. Maoni yote yatoke kwa wahudhuriaji, alisema, wenye majina kwenye orodha, mbele ya watu. Mkalimani hana maoni. Mkalimani ni kipaza sauti.

"Basi kama hakuna mutu atasema?" Claire aliuliza, mpaka Kiswahili kikamponyoka.

"Kama hakuna atakayesema, bamayo, linabaki lilivyo."

Alirudi nyumbani akiwa anasukuma baiskeli, hakuweza hata kuipanda. Akisema, atakuwa amekwisha. Nani atamwita tena mkalimani aliyechoma mtu? Na kwa Keren ndiyo usiulize. Asiposema, dumu linabaki na neno lake, na Keren anabaki mwalimu asiyejua kusoma mpaka azikwe. Alijihurumia, kisha akajichukia kwa kujihurumia, kisha akafika kwake akalala na viatu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wenye mitumbwi, wauza samaki, akina mama wa mawese kutoka ng'ambo, na Royd mbele kabisa, shati limepigwa pasi. Claire alisimama kando ya meza ya Ba Goodson. Alipotupa macho nyuma alimwona Keren, amekaa safu ya mwisho, kitambaa shingoni, ametoka Mantapala kwa lori bila kumwambia mtu. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, namba thelathini na moja, mwandiko mzuri sana.

Wakapita bahari, wakapita mtambo. Mvuvi mmoja akauliza kama mtumbwi wake ukibeba dumu moja nao umekuwa mtambo, na wakabishana nusu saa. Kisha ukurasa wa tano.

"Petroli," alisema Ba Goodson. "Kuna mwenye neno?"

Royd alisimama. "Petroli iko sawa. Tusipoteze muda. Shida si neno, shida ni watu wasiojua kusoma. Mfano tunao, umekaa pale nyuma."

Watu wakageuka. Wengine wakacheka, si kicheko kibaya sana, kile cha kufuata mkumbo. Na Claire, kwa kuwa ndiyo kazi, ilibidi alitafsiri lile kwa Kiswahili, kwa Wakongo wote, na kwa Keren. Alilitafsiri lote bila kupunguza.

Keren akainuka. Hakulia, hakupaza sauti.

"Miye ni Keren. Miye njo nilichomaka nyumba ku Kilwa."

Mkalimani huwa anasema "mimi" ya mtu mwingine. Claire akasema kwa Kibemba: "Mimi ni Keren. Mimi ndiye niliyechoma nyumba kule Kilwa."

"Nilisomaka. Iliandikwa petroli, na kwetu petroli ni ya taa. Ile dumu iliandikwa na Kiswahili. Kama ni Kiswahili, ni Kiswahili ya nani?"

Claire akatafsiri. Nyuma kule akina mama wa mawese wakaanza kunong'ona, kweli, kweli, petroli ni ya taa. Mmoja akasema kwa nguvu kwamba hata yeye, mwaka jana, aliponea chupuchupu.

"Niko na swali moja tu," alisema Keren. "Nani aliandika?"

"Nina swali moja tu," alisema Claire, na hapo akaishia.

"Malizia, bamayo," Ba Goodson alimhimiza.

"Nani aliandika?"

Ba Goodson alifunua faili mbele, akafunua nyuma. Masikini, alikuwa amesahau kabisa. Madumu arobaini kwake ilikuwa siku moja kati ya siku nyingi. "Mwambie," alisema, "tulimtumia mtu anayejua Kiswahili vizuri. Mtu wa huko huko kwao."

Ukumbi mzima ukamtazama Claire, wakingoja Kiswahili. Akamtazama Keren.

"Anasema ni mutu mwenye anajua Kiswahili," alisema. "Mutu wa kwetu. Njo miye, Keren. Miye njo niliandikaka."

Claire akageuka kwa Ba Goodson na kusema kwa Kibemba, "Nimemwambia ni mimi." Na kwa kuwa mlango ulishafunguka akatoa vyote, mara kwa Kiswahili mara kwa Kibemba, anajitafsiri mwenyewe: kwamba alijua neno lina maana mbili, kwamba alisema mara moja akaambiwa aandike kama ilivyo, kwamba angeweza kusema mara ya pili na hakusema, kwa sababu alichoka na lori lilikuwa linaondoka. Kwamba Keren alisoma sawasawa kile kilichoandikwa. Kwamba amekaa nalo moyoni miezi minane huku akimwosha vidonda.

Hakuna aliyecheka. Ba Goodson alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, uso umemwiva. Alikumbuka sasa, ilionekana wazi kwamba amekumbuka.

"Maneno ya mkalimani," alisema polepole, "hayaingii kwenye kumbukumbu."

"Basi ingiza ya kwangu," alisema Keren, na hakuna aliyehitaji kumtafsiria. Alitembea kutoka nyuma mpaka mezani. "Namba trente et un. Andika. Petroli, kwa mutu wa Zambia ni ya moteur. Kwa mutu wa Kongo ni ya taa. Ile neno isiandikwe yenyewe peke yake ku dumu, hata siku moja. Baandike ni ya kazi gani. Na uandike kama Keren alisoma muzuri."

Claire akatafsiri. Hakuna kazi iliyowahi kumshinda nguvu kama hiyo. Royd akafungua mdomo, akawatazama akina mama wa mawese, akaufunga. Ba Goodson akaandika yote, hata ile ya mwisho ambayo haina mahali kwenye kanuni yoyote, akaisoma, akagonga muhuri. Karatasi itakwenda Lusaka, alisema. Itarudi lini, hilo hakuahidi. Kisha, bila kumtazama Claire, akawaambia watu kwamba kurasa mbili zilizobaki zitasomwa siku nyingine, na mtu mwingine atatafutwa.

Nje jua lilikuwa limekaza, na majukwaa ya kuanikia samaki yalikuwa yananuka mpaka barabarani. Keren alikuwa amesimama kivulini mwa ukuta wa kanisa, nakala yenye muhuri mkononi. Claire alimkaribia kama mtu anayekaribia mbwa asiyemjua, hatua, anasimama, hatua.

"Ile siku," Keren akasema, "ulikuwa mugonjwa?"

"Hapana."

"Kulikuwa malilo? Mutu alikufa?"

"Hapana, mama. Nilichoka tu. Jua ilikuwa mingi, na lori ilitaka kuniacha."

Keren akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, taratibu. "Pale ndani nilikuwa nakutafutia sababu," alisema. "Nilitafuta, nilitafuta. Nilisema labda mutoto yako alikuwa anakufa ile siku. Hata ungenidanganya, ningekubali."

Claire alitaka kuomba msamaha, lakini neno lilikataa kutoka kwa lugha yoyote kati ya zile nne. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Chini kule bandarini mtu alikuwa anaita wasafiri wa kisiwani, mtumbwi umejaa nusu.

"Miye naenda ku Kilwa," Keren akasema. "Sasa hivi. Kwa mama ya Chadrack."

"Niende na weye?"

"Utasema na kinywa yako?"

"Nitasema."

Keren alimwangalia kwa muda mrefu, mikono yake yenye makovu imekunjwa juu ya karatasi. Kisha akashika njia ya kuteremka bandarini, na Claire akamfuata nyuma, hatua kumi, bila kuthubutu kuzipunguza. Maji yalipofika magotini Keren akaushika ukingo wa mtumbwi, akageuka.

"Panda," alisema. "Lakini usikae pembeni yangu."

Claire akavua ndala zake, akazishika mkononi, akapanda nyuma.